Baada ya Kumeza

Hans-Jürgen Stan na Thomas Heberer, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, hawakuwa wakitafuta dawa za binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakipima viuagugu kwenye maji ya ardhini, kwa kuwa hofu ya wakati ule ilikuwa sumu za mashambani zinazozama udongoni mpaka zikafika visimani. Mojawapo ya sumu hizo ni mekopropu. Katika vipimo vyao kikajitokeza kitu kinachokaribiana nayo mno: kaboni 10, haidrojeni 11, klorini 1, oksijeni 3, hesabu ile ile ya atomi ila mpangilio tofauti. Haikuwa mekopropu. Ilikuwa asidi ya klofibriki, mabaki yanayotoka mwilini baada ya mgonjwa kumeza dawa fulani za kushusha mafuta kwenye damu.

Hakuna mkulima anayenyunyizia ngano dawa ya mafuta ya damu. Asidi ile ilifika ardhini kupitia wagonjwa wenyewe, chooni. Na haikuishia ardhini: matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, ilibainika kwamba imo hata kwenye maji ya bomba.

Berlin hujipatia maji kwa namna isiyo ya kawaida kwa jiji kubwa. Haina mabomba marefu ya kuyaleta kutoka milimani. Visima vyake vimechimbwa ndani ya jiji, vingi vikiwa kandokando ya maziwa kama Tegel na Wannsee. Pampu zinapovuta, maji ya ziwa hupenya mchangani taratibu, kwa wiki au miezi, na mchanga huyachuja. Ni ufundi wa zamani na unafanya kazi yake vizuri: vimelea hufa njiani, tope hubaki nyuma. Enzi za Ukuta wa Berlin, ulioizingira Berlin Magharibi, sehemu hiyo ya jiji haikuwa na pengine pa kuchota. Lakini mito ya Spree na Havel, inayolisha maziwa hayo na ambayo hutiririka kwa uvivu, ndiyo pia inayopokea majitaka ya jiji yakishasafishwa. Maji yanazunguka. Wahandisi walilijua hilo siku zote. Walichokuwa hawajakipima ni kile kinachozunguka nayo.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Kansas City, Marekani, waliripoti asidi hiyo hiyo, pamoja na mabaki ya aspirini, katika maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka wa jiji lao. Makala yao ikabaki rafuni kwa miaka mingi. Nani alikuwa na haja ya kujua mkojo wa wenye ugonjwa wa moyo unakwenda wapi?

Tatizo linaanzia kwenye sifa zile zile zinazoifanya dawa iwe dawa. Kidonge kinachomezwa lazima kivumilie tindikali ya tumbo, kipenye kuta za utumbo, kisafiri kwenye damu bila kuvunjika kabla ya kufika kinakotakiwa. Kitu kilichoundwa kwa uimara huo hakiachi kuwa imara kwa sababu tu mtu amevuta maji ya choo. Ini hukikatakata kwa sehemu, figo hutoa sehemu, na kinachobaki hutoka kizima au kimebadilika kidogo. Jeli ya diklofenaki anayojichua mzee gotini ni mbaya zaidi kwa hesabu hii: ni takriban asilimia 6 tu inayoingia mwilini, iliyobaki huondoka siku ya kuoga na siku ya kufua.

Mtambo wa kawaida wa majitaka nao haukujengwa kwa ajili hiyo. Ulijengwa kushughulika na kinyesi, mafuta na magonjwa ya kuhara, na vibarua wake wakuu ni bakteria wanaokula uchafu. Bakteria hao huipenda paracetamol. Karibu yote inaisha mtamboni. Ibuprofeni na kafeini vilevile. Karbamazepini, dawa ya kifafa inayojulikana hadi kwenye zahanati za vijijini, hawaigusi. Kiasi kinachoingia karibu ndicho kinachotoka. Ndiyo maana wataalamu wa maji wanaitumia kama alama: kisima chenye karbamazepini kimepokea majitaka ya binadamu, hapana mjadala, kwa kuwa si dawa anayopewa ng'ombe.

Homoni zina kisa chao. Mwanamke anapomeza kidonge cha majira, ini lake huifunga homoni iliyozidi kwenye kipande cha jamii ya sukari, ili isifanye kazi tena na iweze kutoka na mkojo. Inatoka mwilini ikiwa imefungwa mikono. Kule kwenye mabomba ya majitaka, bakteria wa kinyesi, hasa E. coli, hukikata kile kipande ili wajilie sukari yao. Homoni inabaki huru, hai, tayari kwa kazi. Tena si ya vidonge peke yake. Homoni za asili anazozitoa kila mwanamke, na mjamzito zaidi, hupita njia hiyo hiyo, kwa hiyo wanaodhani suala hili lingekwisha kwa kuacha uzazi wa mpango wanakosea hesabu.

Wa kwanza kuona matokeo yake walikuwa wavuvi wa ndoano. Katika Mto Lea, upande wa kaskazini wa London, mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kupata samaki aina ya roach ambao haikueleweka kama ni madume au majike. John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel na wenzake wakatumia njia rahisi kabisa. Walichukua madume ya samaki aina ya trauti, wakayafungia ndani ya vizimba na kuvizamisha pale mitambo ya majitaka inapomwaga maji yake mtoni. Baada ya wiki chache walipima kwenye damu yao vitelojenini, protini inayotengenezwa na majike kwa ajili ya kiini cha yai. Dume ana uwezo wa kuitengeneza, ila hana homoni ya kumwamuru afanye hivyo. Madume wa vizimbani walikuwa wameamriwa: kiwango kilikuwa kimepanda maelfu ya mara. Utafiti ulitoka mwaka 1994. Miaka minne baadaye Susan Jobling na timu yake walipasua roach kutoka mito kadhaa ya Uingereza na kukuta mayai yakiota ndani ya korodani. Katika baadhi ya maeneo, kila dume waliyemkagua alikuwa na dalili hizo.

Bado palikuwa na wenye shaka. Huenda ni kitu kingine mtoni, walisema, kwa sababu mto una kila kitu. Mtafiti Karen Kidd wa Canada akaamua kulitia ziwa zima homoni. Nchi hiyo ina eneo katika jimbo la Ontario lililotengwa kwa majaribio ya namna hiyo, na kati ya mwaka 2001 na 2003 Ziwa 260 lilimiminiwa etinilestradioli, homoni ya kidonge cha majira, mpaka kufikia nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Samaki wadogo walio chini kwenye mnyororo wa chakula, waliokuwa wengi kupita kiasi, karibu waishe kabisa ziwani. Kumwaga homoni kulipokoma, walihitaji miaka kadhaa kurudi.

Hapa ndipo mazungumzo haya hupotea njia, kwa sababu watu huhama kutoka samaki hadi bilauri kwa hatua moja. Samaki anaishi ndani ya maji hayo, anayapitisha kwenye mashavu yake usiku na mchana tangu angali yai. Binadamu anakunywa lita mbili. Tuchukue kisima chenye nanogramu 100 za karbamazepini kwa lita, kiwango ambacho kingemkosesha mkuu wa idara ya maji usingizi. Ili mtu apate kiasi kilichomo katika kidonge kimoja cha miligramu 200, itambidi anywe lita milioni 2. Kwa lita mbili kwa siku, ni zaidi ya miaka 2,700. Shirika la Afya Duniani, lilipopitia ushahidi katika ripoti yake ya 2012, liliona kwamba viwango vya kawaida vya dawa katika maji ya kunywa viko chini ya dozi ya tiba kwa zaidi ya mara 1,000, na kwamba madhara kwa afya hayaelekei kutokea.

Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali la dawa moja kwa mtu mzima mmoja. Maji hayabebi dawa moja. Mtoto aliye tumboni mwa mama si mtu mzima mdogo. Viungo vyake vinajengwa kwa kufuata ishara za homoni zilizo ndogo ajabu. Na antibayotiki hazihitaji kumdhuru mnywaji ili ziwe tatizo, inatosha zikutane na bakteria na kuwafanya sugu. Mfano uliopita mipaka yote uko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, ambako viwanda vya dawa vipatavyo 90 vilikuwa vikipeleka maji yao kwenye mtambo mmoja. Mwaka 2007 Joakim Larsson wa Sweden na wenzake walitangaza walichokipima pale mtambo unapotolea maji: antibayotiki ya siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita. Hiyo si nanogramu. Ni zaidi ya kiwango kinachokuwa kwenye damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo. Uchunguzi uliofuata ulikuta mabaki ya dawa katika visima vya vijiji vya jirani.

Sasa tuje kwenye neno linalowatisha watu kuliko mengine yote: maji ya chooni yaliyorudishwa bombani. Mwaka 2006 mji wa Toowoomba, Australia, ukiwa katikati ya ukame mkali, uliwauliza wakazi wake kama wakubali majitaka yasafishwe na kuongezwa kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Hofu ya dawa na homoni ilikuwa miongoni mwa hoja za waliopinga, na asilimia 62 walisema hapana. Mji ukaja kujengewa bomba la kupandisha maji kutoka bwawa la mbali bondeni.

Kule Orange County, kusini mwa California, walisema ndiyo. Tangu Januari 2008 mtambo wa Fountain Valley unapokea majitaka yaliyokwisha kusafishwa mara moja na kuyapitisha kwenye vizuizi vitatu. Cha kwanza ni mirija yenye matundu madogo kuliko bakteria. Cha pili ni osmosisi ya kinyume: maji yanasukumwa kwa nguvu dhidi ya utando unaoruhusu molekuli za maji zipite na kuzuia karibu kila kilicho kikubwa kuliko hizo, zikiwemo takriban dawa zote na homoni zote. Kinachotoka ni maji safi mno kiasi cha kuwa kero. Lazima yaongezewe chokaa, la sivyo yanaanza kula saruji ya mabomba. Kisha husafirishwa hadi Anaheim na kumwagwa kwenye mabwawa ya mchanga, yazame ardhini, au hudungwa ardhini karibu na pwani ili kuzuia maji ya bahari yasiingie kwenye visima. Upanuzi wa mwisho ulikamilika mwaka 2023, na uwezo sasa ni kama lita milioni 490 kwa siku.

Kizuizi cha tatu kina historia ya aibu kidogo. Mwaka 2000, kwenye mtambo uliotangulia huu, iligunduliwa NDMA, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Ni molekuli ndogo, haina chaji, na utando hauioni: inapenya humo kama panya chini ya mlango wa chuma. (NDMA ndiyo pia iliyofanya ranitidini, dawa ya vidonda vya tumbo, iondolewe kwenye soko la Marekani mwaka 2020.) Dawa kubwa kubwa zilizokuwa zikiogopwa na kila mtu zilikuwa zimenaswa, kilichopita kilikuwa kitu ambacho umma haukuwahi kukisikia. Wahandisi wakaongeza mwanga mkali wa urujuanimno pamoja na haidrojeni peroksaidi, vinavyozivunjavunja molekuli za aina hiyo. California imeweka nanogramu 10 kwa lita kuwa kiwango cha NDMA ambacho kikipita, mwenye maji lazima atoe taarifa.

Mtambo huo una deni ambalo vipeperushi vyake havilipi nafasi kubwa. Utando hauharibu dawa, unazitenga tu. Kati ya lita 100 zinazosukumwa dhidi yake, kama 15 hubaki upande wa nyuma zikiwa na kila kilichozuiwa, na hizo hupelekwa baharini kwa bomba. Karbamazepini ya Orange County haijatoweka. Imehamia Pasifiki.

Lakini kilichotokea mwaka 2020 kinastahili kukumbukwa na yeyote anayebishana kuhusu maji haya. California iliposhusha viwango inavyovivumilia vya kemikali za PFAS, zile zinazotumika kwenye sufuria zisizoshika na mapovu ya zimamoto, ambazo baadhi yake huvuruga homoni, visima kwa makumi vya Orange County vililazimika kufungwa. Lawama haikuwa ya majitaka yaliyopitishwa kwenye utando. PFAS nyingi zilikuwa zimeingia ardhini na maji ya Mto Santa Ana, ambao kwa miongo mingi umeachwa uzame mchangani ili kujaza visima. Watu waliuona kuwa ni mto, basi. Sehemu kubwa ya maji yake, hasa wakati wa kiangazi, ni majitaka yaliyosafishwa ya miji iliyo juu yake, bila utando na bila peroksaidi. Maji yaliyoitwa ya chooni yalikuwa safi. Yaliyoitwa ya mto ndiyo yaliyofunga visima. Mwandishi wa sura hii anaona kwamba ugomvi wa Toowoomba ulielekezwa kwa mtuhumiwa ambaye angalau anapekuliwa kila siku.

Kuna pia njia nyingine ya dawa kumfikia mtu: mboga. Israel hutumia tena sehemu kubwa zaidi ya majitaka yake, kwa kumwagilia mashamba, kuliko nchi yoyote nyingine, na mwaka 2016 watafiti wa huko walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu wazima 34 wenye afya. Kwa wiki moja kundi moja lilikula mboga zilizomwagiliwa maji hayo, jingine mboga za maji safi, kisha wakabadilishana. Mkojo ulisema wazi: waliokula za majitaka walikuwa na karbamazepini zaidi, na walipobadilishiwa kapu kiwango kikashuka. Viwango vilikuwa chini mno kuliko vya mgonjwa wa kifafa. Hata hivyo, ni mtu asiye na kifafa, asiyeandikiwa chochote, akikojoa dawa aliyoila kwenye kachumbari.

Upande wetu, Kenneth K'oreje wa Kenya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walianza mapema kupima Mto Nairobi, kisha Kisumu. Walikuta paracetamol na ibuprofeni, walikuta sulfamethoksazoli, ambayo ni moja ya dawa mbili zinazounda Septrin inayotolewa kila kituo cha afya, na walikuta kitu ambacho makala za Ulaya hazikuwa zimekizoea: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, lamivudini, zidovudini na nevirapini. Hiyo ni habari njema iliyogeuka upande wa nyuma. Dawa za aina hiyo zimo mtoni kwa sababu mamilioni ya watu walio hai leo wanazimeza kila siku. Kisumu zilionekana hata kwenye maji ya ardhini, katika mitaa ambako kisima kifupi na choo cha shimo vinapakana uwanja mmoja.

Mwaka 2022 uchunguzi mkubwa zaidi uliowahi kufanywa, wa sehemu 1,052 katika nchi 104, ulionyesha kwamba mito yenye dawa nyingi kuliko yote haiko Berlin wala London. Lahore, La Paz na Addis Ababa ndiyo miji iliyoongoza. Karbamazepini, metformini ya wagonjwa wa kisukari na kafeini ndizo zilizoonekana mahali pengi zaidi. Karibu robo ya sehemu zilizopimwa zilikuwa na angalau dawa moja juu ya kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe wa majini au kwa upande wa usugu wa bakteria. Ulaya humeza vidonge vingi, lakini ina mabomba na mitambo. Hapa vidonge vinaongezeka mwaka hadi mwaka, kisukari na shinikizo la damu vikienea mijini, na mabomba hayaongezeki kwa kasi hiyo. Msimu wa masika, Dar es Salaam, wapo bado wanaotapisha vyoo usiku ili mvua ibebe kila kitu kwenda bondeni.

Uswisi ilitunga sheria iliyoanza kazi mwaka 2016: mitambo mikubwa iongezewe ozoni au mkaa maalumu unaonasa kemikali, iondoe asilimia 80 ya mabaki haya, na gharama ilipwe kwa tozo isiyozidi faranga 9 kwa mkazi kwa mwaka. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake mpya ya majitaka, iliyoanza rasmi Januari 2025, inawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo ya ziada. Makampuni ya dawa yalikwenda mahakamani miezi michache baadaye, yakidai kwamba yanabebeshwa mzigo wa wengine.

Kesi hiyo, iamuliwe itakavyoamuliwa, haimgusi anayechota maji kwenye kisima kifupi cha Kisumu, kwa kuwa choo chake hakina bomba linalofika kwenye mtambo wowote. Kwake yeye, kinachoua leo ni kipindupindu na kuhara, na ukimletea mashine ya ozoni kabla ya bomba la maji safi utakuwa umemfanyia mzaha. Lakini bomba lenyewe linatibu yote mawili. Nevirapini kisimani na kinyesi kisimani zina njia moja ya kuingilia, na idara ya afya ya kaunti ikipima visima vichache kila baada ya masika, ikitafuta E. coli kwanza na karbamazepini pale bajeti inaporuhusu, itajua ni vyoo vipi vianze kuhamishwa.